Neno Moja Alilobakiwa Nalo Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau na sidhani kama nitaisahau hata nikizeeka kuliko hivi ulivyonikuta. Ni siku ambayo shehe wa mtaa wetu alikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele ya baba yangu, kisha akamwuliza kama yeye ni mwanamume au ni mwanamke. Hakuwa akimfanyia mzaha. Posa yangu ilikuwa imekwama na mzee wa watu alikuwa akiitafutia njia. Lakini naona nimerukia katikati. Sogea karibu, na hiyo simu iweke kando kidogo, nianze mwanzo.

Babu yako, Mwalimu Athumani, ambaye hukujaliwa kumwona, alikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Bagamoyo. Asubuhi alifundisha shuleni, jioni watoto wa mtaa walijaa kwenye baraza yetu kwa tuisheni. Nami nilikuwa miongoni mwao, tena nilikaa mbele, maana mtoto wa mwalimu akikaa nyuma watu husema. Walimu wengine walipenda maneno marefu ya kutisha. Baba alipenda yale madogo, ambayo kila mtu anadhani anayajua. Alituambia kwamba maneno makubwa ni kama wageni waalikwa, huja mara moja moja na kila mtu huwapisha, bali madogo ndiyo yanayolala na kuamka na watu, ndiyo maana yamejifunza kazi nyingi.

Alikuwa akituwekea neno moja ubaoni, tuseme “run”, halafu anakaa pembeni kula karanga zake. Sisi tunahangaika. Mmoja anasema ni kukimbia. Baba anatikisa kichwa, ndiyo, lakini maji yanapotoka bombani? Ni “run” hiyo hiyo. Pua ya mdogo wako inayovuja hapo? “Run”. Yule mwenye duka anayeliendesha duka lake? Kitenge kinachochuja rangi kwenye beseni? Mtu anayegombea ubunge? Yote “run”. Siku moja kijana mmoja mtundu akamwuliza kama Waingereza walikuwa maskini kiasi hicho, hata wakashindwa kutafuta maneno mengine. Tulicheka sana. Baba naye alicheka, kisha akasema, “Na nyinyi mnaopiga? Mnapiga pasi, mnapiga simu, mnapiga mswaki, mnapiga picha, mnapiga hodi, na sijasikia hata kimoja kikilia.”

Ukimwuliza neno fulani maana yake nini, hakukujibu. Alikurudishia maswali yake, yale yale kila siku mpaka tukawa tunamwigiza nyuma ya mgongo wake: kasema nani, anamwambia nani, na kumetokea nini kabla? “Fine” ya askari wa barabarani ni faini. “Fine” ya mchanga wa pwani ni ule ulaini wake. “Fine” ya mtu uliyemjulia hali ni mzima. Na “fine” ya mke aliyekwisha kukueleza jambo lile lile kutwa nzima, alisema baba huku akichungulia ndani, hiyo ukiisikia vaa viatu utoke kwanza. Mama alikuwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alijua vizuri sana alipokuwa akisemwa. Mimi, nikwambie ukweli, mambo haya yalinichosha. Nilitaka neno moja liwe na maana moja, niikariri, nipate alama zangu nikalale.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na kurudi nyumbani kungojea kituo cha kazi pale kiharusi kilipompata. Ilikuwa asubuhi, anatia udhu uani. Tulisikia birika linaanguka, tukamkuta amelala ubavu, macho wazi. Hospitali walifanya walichoweza. Alirudi nyumbani akiwa hai, alhamdulillahi, lakini upande wote wa kulia umekufa, mkono unaning'inia, mguu unaburutwa, na maneno yote yameondoka. Yote, mwanangu. Kiswahili chake kile kitamu kiliondoka, na Kiingereza chake chote alichokihangaikia ujana mzima kiliondoka nacho. Likabaki neno moja tu, lile alilokuwa akilitumia darasani kila mtoto anapomaliza kujibu, akajibu sawa au asijibu sawa. “Fine.”

Ukimpa chai anasema fine. Ukimwuliza kalala salama anasema fine. Nzi akimtua usoni, fine. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikilisikia naingia chumbani kwangu kulia. Mama yeye hakulia mbele yetu. Alichosema, huku akimfuta mdomo kwa kanga, ni hiki: “Miaka yote hii nimekaa naye kwa Kiswahili. Kaondoka nacho chote, kaniachia Kizungu.” Baba alicheka upande mmoja wa uso. Ndipo nilipojua kwamba yumo ndani, anasikia kila kitu.

Polepole nyumba ikajifunza. Fine fupi yenye kidevu juu ilikuwa maji. Ile ndefu iliyoshuka chini ilikuwa ametosheka. Kulikuwa na moja ya puani, hiyo aliitoa mgeni akikaa kupita kiasi, na mama alikuwa akimtazama mgeni kwa huruma huku akimwambia mgonjwa anataka kupumzika. Mama ndiye aliyekuja kuwa bingwa wetu, na mimi mwenye cheti changu nikawa namwuliza, mama, hapo anasemaje?

Basi katika hali hiyo ndipo posa yangu ilipoletwa. Baba yako, Jumaa, ambaye leo ana kitambi na anajifanya hakuwahi kuwa kijana, tulisoma naye chuo kimoja. Kwao ni Miono, wazazi wake wakulima wa mahindi na ufuta, watu wa swala tano, watu wa taratibu. Walituma mshenga kama inavyotakiwa. Mshenga akapokelewa na ami yangu Salehe, mdogo wake baba, ambaye tangu kiharusi ndiye aliyebeba mambo ya nyumba yetu. Nisikudanganye ukamchukia ami yangu. Alikuwa mtu mwema sana. Alikuja kila siku kumwogesha kaka yake, na si wengi wanaofanya hivyo.

Ami hakumkataa kijana. Tatizo lake lilikuwa walii. Mwenye haki ya kuniozesha ni baba, na baba hasemi. Ami alimwambia mama, nami nasikia, “Shemeji, nikiacha kaka aseme fine lake na ndoa ifungwe, kesho watu watasema tumemtumia mgonjwa. Na ndoa yenyewe wataitia shaka. Bora nimwozeshe mimi, mambo yaishe.” Maneno yalikuwa na busara ndani yake. Lakini ili ami ashike nafasi ya baba, ilibidi kwanza ithibitike mbele ya shehe na wazee kwamba baba hana tena akili za kuamua. Yaani mtu yule aliyefundisha nusu ya watoto wa mji huu angekaa kwenye kiti chake, akisikia kila neno, huku wakikubaliana kwamba hayupo.

Na mimi nilikubali. Nilifikiri namsitiri. Niliona bora hivyo kuliko akae mbele ya wanaume waliomjua akiwa na ulimi wake, wamtazame mate yakimtoka, wamsikilize na hilo neno lake. Nilimfuata mama jikoni, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamwambia tumwachie ami. Hakuinua macho. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaisha nyama, ndipo aliponiuliza, “Zuhura, babako unamwonea huruma, au unamwonea haya?”

Akasema, “Kama ni huruma, nenda kakae naye. Kama ni haya, niambie nijue nimezaa mtu gani. Babako hajafa. Kapungukiwa maneno tu, na wewe unataka kumpunguzia na kiti.” Kisha akaniambia nimwite shehe.

Ndiyo ile siku niliyoanza nayo. Shehe alikuja, ami alikuwepo, na Jumaa naye aliitwa kutoka Miono akafika na vumbi la safari kwenye kanzu. Baba alikaa kwenye kiti chake cha mikono, tumemvalisha kofia yake ya vito, mkono wa kulia umelazwa mapajani. Mama alikaa nyuma ya pazia la ndani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa, nikijifanya nangoja kuambiwa nilete.

Shehe alieleza vizuri. Alisema mtu asiyeweza kutamka, ishara yake ikifahamika, inasimama mahali pa kauli. Lakini lazima ifahamike na watu, si na mkewe peke yake. Ami akakohoa, akasema kwa adabu, “Itafahamika vipi, shehe wangu? Neno hilo hulisema hata uji ukimmwagikia.”

Ndipo shehe alipotaka kujaribu. Akamwuliza baba kama sasa ni alasiri. Baba akasema fine. Akamwuliza kama sasa ni usiku. Fine. Akafikiri kidogo, halafu akamwuliza lile la mwanamume na mwanamke, na baba akajibu fine kwa sauti ile ile, bila hata kupepesa jicho. Ami akainamisha kichwa. Hakufurahi, nilimwona, lakini alikuwa amepata alichokihofia. Jumaa akawa anautazama mkeka. Nami pale mlangoni nilijua mambo yamekwisha na baba yangu anatangazwa si mtu.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa. “Shehe, nisamehe mimi mwanamke kukuingilia. Lakini huyu ni mwalimu. Umri wake wote kawauliza watu maswali ambayo majibu yake anayajua, na anajua mtu anapotahiniwa. Nyinyi mnamtahini, hamsemi naye. Mwenye shida si huyo hapo kaja? Na aseme kilichomleta.”

Shehe akaguna, akamtazama Jumaa, akamwashiria.

Baba yako aliondoka alipokuwa amekaa, akaja akakaa chini kabisa mbele ya kiti cha baba. Akasema, “Shikamoo, baba.” Baba akamjibu fine, na hakuna mtu chumbani aliyeuliza hiyo ilikuwa na maana gani. Kisha Jumaa akamwambia yeye ni mtoto wa nani na kwao wapi, kwamba hana kikubwa ila kazi yake na afya yake, na kwamba kaja kumwomba Zuhura. Halafu akaongeza maneno ambayo mpaka leo ndiyo yanayonifanya nimsamehe makosa yake mengi ya baadaye. Alisema, “Najua maneno yamekuwa mazito, baba. Mimi sina haraka. Nitakaa hapa mpaka uwe tayari.”

Na akakaa kweli. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, tulisikia mpaka unapogonga ukuta. Baba alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, uso, mabega, mikono, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi mgeni. Kisha akaigeuza shingo yake, na hilo lilikuwa jambo la tabu kwake, akaigeuza mpaka akanipata mimi pale mlangoni. Akasema, “Fine?”

Mwanangu, neno lile nilikuwa nimelisikia mpaka nimelikinai. Lakini hivi sikuwahi kulisikia. Lilipanda mwisho, likabaki hewani, na macho yake hayakuniacha. Alikuwa akiniuliza mimi. Kabla ya kumjibu mtu yeyote mle ndani, alikuwa anataka kujua kwanza kama binti yake anamtaka kijana huyu au analazimishwa. Nilitaka kuweka sinia chini nimkimbilie na sikupata pa kuliweka. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya wanaume na sikuona aibu hata kidogo. Nilimjibu kwa neno lake, maana nilihisi ndiyo adabu. “Fine, baba.”

Akageuka kwa Jumaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, mwepesi, ndio aliolia chakula na kushikia kila kitu. Angeweza kuunyoosha na yote yakaisha. Hakuunyoosha. Alitumia huo wa kushoto kuukamata ule wa kulia uliokufa, akaunyanyua kutoka mapajani kama unavyomhamisha mtoto aliyelala, na akauweka mbele ya Jumaa. Ulikuwa mzito, bega lote lilitetemeka. Jumaa akaupokea kwa mikono yake miwili, akaubusu, na hakuuachia.

Shehe alivua miwani yake. Akamwambia ami, “Salehe, umeona?” Ami akatoa kofia akajifutia uso. Shehe akasema, “Walii hujibu baada ya kumwuliza binti. Wangapi wenye ndimi zao hawaulizi. Na huyu kaona vibaya kumtoa mwanawe kwa mkono wa kushoto. Mimi sina tena la kumtahini. Siku ya nikaha nitakaa ubavuni pake nimsemee, lakini mwozeshaji ni yeye.”

Ndipo mama akasema nyuma ya pazia kwamba kahawa inapoa.

Nikaha ilifungwa hapo hapo nyumbani, baba kwenye kiti chake, mkono wake ndani ya mkono wa baba yako. Aliishi baada ya hapo miaka ambayo kwangu haikutosha, na hakupata neno la pili. Lakini sikumbuki tena kwamba tulikosa kuzungumza.

Sasa nakueleza haya kwa nini? Kwa sababu nimekuona. Nyinyi mna bahati, ukiandika neno la Kiingereza kwenye simu linakuja na maana zake zote zimepangwa, na mimi mwenyewe nazitumia ninaposahihisha kazi za wanafunzi. Lakini simu haiwezi kukuambia aliyesema alikuwa amechoka kiasi gani. Umenionyesha ujumbe wa mwenzako, neno moja, na tangu asubuhi umenuna, umelitafuta maana, umewauliza na rafiki zako Dar. Umemwuliza kila mtu isipokuwa aliyeliandika. Nenda ukaonane naye, mwanangu. Kaa chini, mwambie kilichokuleta, kisha ufanye kama alivyofanya baba yako siku ile, ungoje. Na wewe mwenyewe ukiwa na jambo zito usimrushie mtu neno moja ukamwachia kazi ya kulifumbua. Mtu akishindwa kusema, usiharakishe kuamua kwamba hana la kusema. Na ukiona unamwondoa mtu kwenye nafasi yake kwa kumhurumia, simama ujiulize lile swali la bibi yako jikoni, maana huruma na haya hufanana sana kwa mbali.

Nami nina langu la kukuomba. Umeshaona siku hizi nakuita kwa jina la shangazi yako, na jana nimesimama mbele ya kabati sijui kijiko kinaitwaje. Nimekuona ukigeuza uso. Sikulaumu, nami niligeuza wangu. Huenda si kitu, huenda ni uzee tu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ikija siku nikabakiwa na neno moja, lolote litakalokuwa, usiende kulia chumbani. Njoo ukae hapa nilipo, uniangalie usoni, utanielewa.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira na mume atakayekuuliza kabla ya kukuamulia. Akujaalie watoto watakaokungoja umalize unapotafuta neno. Mimi mama yako nakuridhia, duniani na akhera. Haya, nenda mwanangu, ukamwone mwenzako kabla jua halijazama.